Mikanda Iliyotiwa Jiki

Chukwani nzima inazijua kanzu za Bi Muzna Azzan zikiwa kwenye kamba. Nyeupe mpaka jirani anaona haya kuanika zake. Usafi ni nusu ya imani, na marehemu mumewe alizoea kumtania kwamba ile nusu ya pili ameisahau. Kwa sifa hiyo alipata kazi uwanja wa ndege, mwaka wa tisa sasa, kusafisha ndege ndogo ya kampuni moja inayokwenda Pemba: viti kumi na viwili na mikanda yake.

Juzi ndege ilikuwa kwenye matengenezo na Idd imekaribia. Khatib, fundi mkuu, akamfungulia mikanda aifue. Siku zote huifua kwa maji na sabuni ya kipande, basi. Lakini hii ni Idd! Nani huipokea Idd na madoa? Akairoweka kwenye ndoo ya jiki hata asubuhi, na madoa yakaenda zao. Khatib alipokuwa akiirudisha vitini alicheka.

"Bi Muzna, hii mikanda au kilemba cha bwana harusi?"

Mama wa watu akashinda na furaha siku nzima.

Leo asubuhi Khatib aliwakusanya wafanyakazi awasomee barua mpya ya watengenezaji wa viti. Akaeleza kwa maneno yake: ndege inaweza kuanguka na mtu akawa wa kupona kabisa, ila kiti kikang'oka au mkanda ukakatika, naye akarushwa mbele. "Na mkanda hautiwi jiki hata tone," akamaliza. "Juu utang'ara, ndani nyuzi zishakufa."

Bi Muzna akatoka, akarudi, akakaa, akainuka tena, ncha ya mtandio ikisokotwa vidoleni. Akisema, kibarua kitaota nyasi. Na zaidi ya kibarua, ile sifa! Yeye Muzna, aliyeharibu kwa kufua! Akajipa moyo kwamba ndege hii imeruka miaka na haijaanguka. Moyo ukakataa kutulia. Dirishani aliona abiria wakipanda, mwanamke mmoja akimpokeza mwenzake mtoto ngazini ili apate kushika buibui lake. Huyo mtoto angekaa juu ya mapaja ya nani, na huyo mtu angeshikwa na nini?

Mficha uchi hazai. Akarudi ndani mbio.

"Khatib!"

"Naam, Bi Muzna."

"Ile mikanda nliitia jiki. Yote."

Khatib alikimbia uwanjani, na abiria wakateremshwa mmoja mmoja, wanung'unikaji wakiwa mbele. Bwana mmoja aliyevaa kanzu mpya ndiye aliyefoka zaidi.

"Watu tunakwenda kula Idd na wazee wetu, nyinyi mnatushusha kwa ajili ya mikanda? Si hiyo hapo, misafi kuliko ya ndege kubwa!"

Khatib aliuchukua mkanda mmoja akaingia nao karakana, mlango wazi, akauning'iniza kwenye ndoano na kuanza kuutundikia vyuma vya kupimia uzito. Haukufika nusu ya uzito unaopaswa kubeba. Ulikatika, na vyuma vikaanguka kwa kishindo sakafuni.

Yule bwana alikiokota kipande cha mkanda, akakitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani kaufua huu?"

"Mimi," alisema Bi Muzna.

"Na aliyeufunga, tena akausifu, ni mimi," alisema Khatib.

Bwana hakumtazama Khatib. Alimnyooshea Bi Muzna kile kipande.

"Bibi, huu ndio uliokuwa wangu?"

Bi Muzna alitamani kumwambia siyo.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Yote niliing'arisha sawasawa."