Bunduki Haikaguliwi na Aliyeisafisha

Kila aliyewahi kushika silaha ana ugomvi wake kuhusu kuisafisha. Wangu ulikuwa na mtu mmoja tu, na sasa nimebaki nao peke yangu.

Tulikuwa walinzi wa mashamba pembeni mwa kijiji cha Robanda, yeye na mimi, tukiwafukuza tembo kwa risasi za hewani wasimalize mahindi ya watu. Kibanda kimoja, sufuria moja, bunduki moja. Mimi ni Mwikoma wa hapahapa. Yeye alikuwa Mkurya wa Gorong'a, mkubwa kwangu kidogo, na maneno yake yalizidi ya redio. Bunduki ilikuwa ya zamani, ya aina ile inayojipakia: ukifyatua, moshi wa baruti unasukuma pistoni, pistoni inasukuma vyuma vya nyuma, risasi nyingine inaingia. Moshi huo unaacha masizi, na ugomvi wetu ulianzia kwenye masizi.

Mimi nilitaka isafishwe kila jioni. Yeye alisema ukipiga, safisha siku hiyohiyo. Usipopiga, mara moja kwa wiki inatosha, kwa sababu ya vumbi. "Mura, utaimaliza hii chuma," aliniambia, kwa neno lao Wakurya la kumwita kijana. "Hata mtoto ukimwogesha kutwa nzima anachubuka." Na pistoni hakutaka kabisa niipake mafuta. Ifute uiache kavu, alisema, maana mafuta yakipata moto yanaganda kama ukoko wa ugali. Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Alikuwa anasema kweli, lakini nani angempa raha hiyo?

Sheria moja hatukuibishia: aliyesafisha hakagui. Mimi naondoa vyuma vya ndani, navitandaza kwenye gunia, halafu naweka ukucha wa kidole gumba nyuma ya mtutu ili mwanga udunde. Yeye anachungulia kwa mbele. Akiona kunang'aa anasema, "Safi. Mwezi kabisa." Hapo ndipo tunapika.

Kisha dhahabu ikawavuruga watu akili. Huko Tarime walikuwa wanashuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, wengine hawajawahi kushika hata sururu. Hapa kwetu watu waliacha kazi za kambi za watalii, wakaacha na mtama shambani. Asubuhi moja mwenzangu naye akafunga blanketi lake. "Nikapate ng'ombe wawili watatu, nirudi," akasema. Nikamjibu, "Nenda bwana, utanipumzisha masikio." Ilikuwa hasira tu. Alipopotea nyuma ya mtama niliingia kibandani nikakaa, na chai sikupika.

Upweke ulinitafuna, sifichi. Nilikuwa nasafisha bunduki kila jioni, hata isipopigwa, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kubishana. Nilichana karatasi nyeupe ya pakiti ya unga, nikaichomeka nyuma badala ya ukucha, nikawa nachungulia mwenyewe. Kunang'aa, ndiyo, lakini wa kusema safi hayupo. Siku moja nilijaribu kujisemea kwa sauti, nikaona aibu.

Mkuu wetu alipoleta posho nilimwomba asiandike mtu mwingine, mwenzangu atarudi. Akaguna. "Namngoja mpaka mahindi yabebe," akasema. "Asipokuja naleta mwingine."

Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu nilipomsikia anaita, "Mura!" Bodaboda ilikuwa imemshusha karibu kabisa na kibanda. Amevaa miwani nyeusi ya jua. "Ala! Bosi wa dhahabu!" nikamtania. "Sisi walalahoi hututazami tena?" Akacheka, uso wake ukielekea pembeni yangu kidogo. Alikitafuta kigoda kwa mguu kabla ya kukaa. Alipomimina chai alitia kidole ndani ya kikombe. Nikadhani ndizo tabia za machimboni.

Alisema ng'ombe hakuwapata. Baruti ililipuka vibaya shimoni, akaona basi, inatosha. "Nataka kazi yangu, mura."

Nilifurahi mpaka nikasimama. "Mkuu anakuja kesho. Nafasi yako ipo, nimekushikia!"

Bunduki ilikuwa palepale kwenye gunia, imefunguliwa. Nilikuwa nimesukuma kitambaa kwa ufito mpaka katikati ya mtutu, nikakiacha humo nikakimbilia kumpokea. Alinusa mafuta. "Bado unaiogesha kila siku? Lete nikague." Kabla sijasema bado, alikwisha kuinua mtutu, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akanipa mgongo na kulielekea jua. Akatulia vilevile kama zamani.

"Safi," akasema. "Mwezi kabisa."

Ukucha sikuwa nimeweka. Kitambaa kilikuwa kimeziba mtutu wote.

Nikasema, "Asante." Mungu anajua nilitaka yaishie hapo. Nilijiambia macho yangu yatatutosha wote wawili, masikio yake ni mazuri, na mbele ya mkuu nitasema mimi. Lakini huwezi kuacha kitambaa kwenye bunduki ya lindo, na jua lilikuwa linazama. Nikachukua ufito nikasukuma polepole, polepole. Kilipotoka kikalia, po! Mlio ule aliujua kuliko mimi.

Akashusha miwani.

"Ungeniambia, mura."

"Ningekuambia ungeondoka."

"Naondoka."

"Kwa nini? Nitaona kwa ajili yako, si nipo?"

"Siku tembo akija upande wangu utamwangalia nani, mimi au yeye?"

Asubuhi nilimshika bega nikampeleka njiani, na mpaka bodaboda inafika hatukubishana juu ya kitu chochote. Mkuu alipokuja nilimwambia mwenzangu hakurudi.

Nililetewa mtu mwingine, mpole, hana maneno. Tunasafisha mara moja kwa wiki, pistoni kavu, kama alivyotaka yule. Mimi naweka ukucha, huyu mpya anachungulia, kisha anasema, "Iko sawa."

Nami naitikia haya, tupike. Ile ya mwezi sijamfundisha.