Kufunika Laptop Mbele ya Baba Mkwe

Bado nina hasira, na nimeona niandike kabla hazijapoa, maana zikipoa nitabaki kujilaumu mwenyewe tu. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Nikikosea mahali, nimekosea.

Nina steshenari ndogo hapa Mkata, karibu na yanaposimama mabasi. Laptop yangu ilikuwa imejaa virusi vya flashi za wateja, hadi fundi mmoja wa Korogwe akaniondolea mfumo wa zamani na kuniwekea Linux. Haki yake nimpe: virusi viliisha. Lakini likaanza jambo jingine. Nikiifunika inalala, na ikiamka haioni waifai. Mpaka niizime kabisa na kuiwasha upya. Miezi saba hivyo hivyo. Nikimpigia fundi namwambia, "Mtandao unagoma," naye ananijibu, "Zima, washa."

Wiki ile nilikuwa nachapa ripoti ya mwanangu wa kike, anayesomea ualimu Korogwe. Kurasa arobaini na mbili alizoandika kwa mkono, na mwandiko wake Mungu anisamehe. Ilitakiwa imfikie mkufunzi kwa barua pepe Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, la sivyo mwanangu anarudia mwaka. Nakala iliyochapwa ilikuwa moja tu, humo humo kwenye laptop, kwa sababu flashi nilikuwa siziamini tena.

Ijumaa asubuhi zilibaki kurasa mbili. Waifai ikapotea. Nikampigia fundi.

"Mama, mfumo wako umepitwa na wakati. Izime, iwashe, mtandao ukirudi fanya apdeti, hilo tatizo litaisha. Ila usiifunike mpaka imalize."

Nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: USIIFUNIKE. Ningeweza kumaliza kwanza zile kurasa mbili, nitume, ndipo nihangaike na apdeti. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimechoka kuzima na kuwasha. Kosa la kwanza ni langu.

Apdeti ilikuwa imefika katikati niliposikia, "Hodi humu!" Baba mkwe wangu, ametoka Sindeni.

Mimi nimelelewa na bibi. Akiingia mkwe, kanga unaivuta, sufuria unaifunika, kazi unaiweka chini, unasimama, unapiga goti kidogo. Mkono wangu haukuniuliza. Ulifunika laptop kama unavyofunika sufuria.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkamwana. Wazima?"

"Wazima, baba."

Papo hapo nikasikia kifeni cha ndani kinanyamaza. Nilijua. Na sikuweza kuifunua, kwa sababu alikuwa ameshakaa, ameanza habari za nguruwe pori walioingia kwenye mihogo. Alizieleza kwa urefu: wangapi, wameingilia wapi, jirani alisema nini. Mimi nasema "pole baba, pole baba," na moyoni nawatukana nguruwe wote wa wilaya ya Handeni. Hakuwa na shida yoyote, alipita kunisalimu tu. Mzee anayepita kumsalimu mkamwana wake hajakosa kitu. Najua. Lakini siku ile nilimkasirikia, na sitaki kuandika kwamba sikumkasirikia.

Alipoondoka nikafunua. Giza. Nikabonyeza kitufe mpaka ikazima, nikaiwasha: mistari ya maandishi meupe, halafu ikasimama pale pale, haisogei mbele wala nyuma. Nikafunga duka, nikaizungushia laptop kanga, nikabeba na zile kurasa za mkono, nikapanda basi la Korogwe.

Fundi aliitazama kidogo tu. "Hii imefunikwa."

"Ndiyo."

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Baba mkwe aliingia."

Akawageukia wateja wake. "Jamani, mmeona laptop iliyopigiwa shikamoo ikazimia?"

Wakacheka wote. Nikamwambia, "Ndugu yangu, tengeneza kwanza. Utacheka ukimaliza." Nilisema kwa sauti ambayo sikuipenda.

Alichomeka flashi yenye mfumo wake, akaiwasha laptop kwa kupitia hiyo, akaitoa ripoti ikiwa nzima. Akampa mwanangu, ambaye nilimpigia nikiwa njiani na alishafika kutoka chuoni, akae kwenye kompyuta ya pale dukani amalizie kurasa mbili zilizobaki. Mimi nikasimama nyuma ya fundi, macho kwenye laptop yangu. Kisha fundi akairudia laptop, akaiwasha kwa toleo la Linux la kabla ya apdeti, lililobaki ndani, apdeti ikaendelea ilipoishia. Ikaamka. Waifai ikarudi.

Nikamwuliza, "Hakuna namna ya kuifunika isilale?"

"Ipo. Ni mstari mmoja tu, mama." Akafungua faili, akabadilisha neno moja, akahifadhi. Hata chai isingepata muda wa kupoa.

"Miezi saba!" nikasema. "Mstari mmoja, na hukuniambia miezi saba?"

"Hukuniambia kwamba unaifunika. Uliniambia mtandao unagoma."

Ni kweli. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, maana nilitaka kosa liwe lake peke yake. Lakini nimefikiri tena na bado nasema hivi: fundi anayeletewa lalamiko lile lile miezi saba anapaswa kuuliza unafanya nini kabla tatizo halijatokea. Na mimi nilipaswa kusema. Tugawane. Sijui kama nusu kwa nusu.

Mwanangu alikuwa bado anachapa kwa vidole viwili. Nikamfokea aharakishe.

"Mama, mbona unanifokea mimi?"

Nikashika karatasi yake, nikaanza kumsomea achape.

"Imeenda," akasema hatimaye.

"Angalia vizuri."

"Imeenda, mama."

Mkufunzi hakujibu siku ile, wala Jumamosi. Jumapili mwanangu akanipigia kusema jibu limekuja, ripoti imepokelewa. Nikamwambia anisomee na saa aliyotuma. Akasoma: Ijumaa, saa kumi kasoro dakika sita. Nikamwambia asome tena.