Nyaya Sita na Kuku wa Kashikishi

Niliaibika, nakubali, tena mbele ya soko zima la Kashikishi, lakini anayedhani nitainamisha kichwa kwa ajili ya nyaya sita za lori kuukuu, basi atangoja sana.

Nilikuwa dereva, nikipeleka samaki upande wa Katanga, na nilikuwa namchumbia Chola. Asubuhi ile injini ilikuwa inakohoa tu, na mjomba wake Chola, mwenye neno la mwisho juu ya harusi yetu, alikuwa ameshapakia samaki wake wabichi. Akaniambia, "Kama samaki yangu inaoza humu, mambo ya Chola inaisha. Unasikia?"

"Yama, sasa hivi tu tuko mu njia," nikamjibu, maana kwetu mjomba huitwa Yama.

Nilikuwa na plagi mpya na nyaya mpya. Mwenye akili angebadilisha waya mmoja kwanza, kisha mwingine, maana kila waya una mahali pake na ukikosea injini haiwaki. Mimi, kwa sababu watu walikuwa wananitazama, nikang'oa za zamani zote kwa pamoja, nikafunga plagi mpya, nikachomeka nyaya upande mmoja, na kwenye ncha zilizobaki nikaweka alama: waya wa kwanza chisense mmoja, dagaa wa ziwa letu, wa pili wawili, hivyo hivyo mpaka sita, kila kisamaki na kamba yake na fundo lake (msinicheke, chisense kavu ndiyo iliyokuwa karibu).

Mara mama yake Chola akatokea na beseni kichwani! Kwetu mchumba hatazamani na mama mkwe kabla hajaingizwa rasmi nyumbani, akimwona anapisha, basi nikatupa spana nikakimbilia kwenye matete, mbu wakanila, na nilipodhani amekwenda zake nikarudi, nikakuta kuku wamejaa kwenye injini na hakuna chisense hata mmoja.

Nimwambie nani? Nikachomeka nyaya kwa kukisia, nikazungusha hendeli.

Bomba la moshi likalipuka paa! Watu wakatupa makapu, chanja la samaki likaanguka, na nyuma yake akachomoka mama mkwe mwenyewe, akanishika shingo kwa mikono miwili kwa hofu. Soko lote likacheka. Tukatazamana ana kwa ana, na mimi nikachoka kukimbia.

"Mama, kuku zimekula alama yangu," nikasema kwa sauti.

Akatazama injini kama anavyotazama wavu uliochanika. "Kuku inakula samaki, haikule kamba. Hesabu mafundo, mutoto yangu."

Nikahesabu. Kamba zote zilikuwepo kwenye nyaya, nikazichomeka upya kwa mpangilio wa mafundo. Lori likawaka.

"Umeangalia mukwe wako mu macho!" mjomba akafoka.

"Ndiyo, Yama. Na lori inawaka. Panda."

Akapanda, na Chola nilimwoa. Tangu siku ile nabadilisha waya mmoja mmoja, nimeapa. Lakini wanaosema nilivunja heshima nawajibu hivi: mama mkwe alikuwa amesimama pale pale nyuma ya chanja wakati wote, akiwaona kuku wanavyodonoa, akakosa wa kumwambia, kwa sababu mimi nilikuwa kwenye matete nikimheshimu.