Aya sita za moto dhidi ya adui asiyekuwepo

Leo asubuhi nimetangaza vita dhidi ya wanaofunga mtandao. Binti yangu amenishinda kabla ya saa sita.

Nilitengeneza ukurasa wa mtandaoni wa picha za watoto waliopotezana na wazazi wakikimbia vita kutoka Minova, mashariki mwa Kongo. Kwangu picha zote zinaonekana. Kwenu wasomaji, hata moja!

Nikaandika aya sita: "Wamezizuia, waoga hawa!"

Kisha Maman Sifa, mmoja wa wazazi wanaotafuta watoto wao, akanipigia kutoka Kalehe. "Papa, naona jina ya mutoto wangu, lakini sura haiko. Majina kama hiyo iko mengi. Nitajua aje kama ni yeye?"

Binti yangu Furaha akachungulia. "Papa, hakuna mutu alizuia. Njia ya picha uliandika inaanzia mu disque ya ordinateur yako, mu hii kompyuta hapa. Kwa Maman Sifa, hiyo disque haiko."

"Sasa?"

"Tupandishe dossier ya picha, ile folda yote, ku mtandao pamoja na ukurasa. Mu njia uandike tu jina ya dossier na ya picha, basi."

Dakika tano! (Aya sita nimezifuta. Chekeni, nimestahili.)

Maman Sifa akafungua tena. Halafu:

"Ni yeye. Na hiyo chemise amevaa ni ya kaka yake."