Kitovu cha Ndugu Yangu na Malkia wa Hawaii

Enzi zetu za Maskati, nnazungumzia miaka ile ya sitini tulipotoka Unguja baada ya Mapinduzi, nyumba hazikuwa na taa wala feni. Tukilala juu ya paa, na milima ikitutemea joto la mchana kutwa. Vijana wa leo umeme ukikatika dakika kumi, utadhani roho inawatoka.

Ndugu yangu mdogo alizaliwa Maskati. Kitovu chake kilipokatika, Mama alikifunga kitambaani akakiweka sandukuni pamoja na udi wake. Baba akimsihi akizike uani kama ada yetu, mtoto apate kwao. Mama hataki hata kusikia.

"Kitovu cha mwanangu kitazikwa Unguja. Si tunarudi?"

Tunarudi lini, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Alasiri mimi na Mama tukienda kushona kwa mwalimu mmoja wa Kimarekani, mzaliwa wa visiwa vya Hawaii. Ukutani kwake palikuwa na picha ya kasri, na siku moja Mama akataka kujua ni ya nani. Nilikuwa na Kiingereza kidogo cha skuli ya Unguja, basi mkalimani nikawa mimi. Mwalimu akasema Hawaii ilikuwa na malkia wake. Wafanyabiashara wageni wakampindua, baadaye akafungiwa chumba cha juu cha kasri yake mwenyewe, na humo akawa anashona mfarishi, blanketi la vipande vya vitambaa. Visiwa vikachukuliwa na Marekani, na juzijuzi tu vimefanywa jimbo kamili.

Mama aliweka sindano chini. "Muulize, alirudishiwa?"

Nilimtazama mwalimu nikitamani adanganye. Akasema malkia aliomba, akangoja mpaka akazeeka, akafa hajarudishiwa. Nikamwambia Mama vile vile.

Mama akakunja mshono wake, tukarudi nyumbani. Tulipofika alitoa kile kitambaa, akashika mtalimbo, akachimba uani mwenyewe. Ardhi ya Maskati ngumu jamani, mawe matupu. Baba alitaka kumsaidia, Mama akamzuia. Alilia kilio cha msiba, nasi tukalia naye, na mtoto kalala mkekani hana habari.

Siku hizi vitovu vinaishia hospitali, na wajukuu wanakwenda Unguja wiki moja kupiga picha pwani. Mimi, mtu mzima hivi, nikiulizwa kwetu wapi nnasita. Ndugu yangu hasiti. Kila akijibu Maskati, naiona mikono ya Mama ilivyochubuka.