Mashine Tuliyoingojea Milanzi

Mpaka leo nikisikia mtu anaisifu kampuni kwa kujua kutunza siri, damu inanichemka. Wanangu hukaa na simu zao wakisoma habari za mashine ya gemu ambayo haijatoka. Hawajui itatoka lini, hawajui itakuwaje, na kutojua huko ndiko kunakowafurahisha. Wanakisia, wanabishana, wanacheka. Mimi nawatazama nikiwa na mwiko mkononi na nataka kuwauliza, mnachekea nini? Kuna mtu kakaa ofisini, anajua mwezi na anajua siku, na amenyamaza makusudi. Kwao hiyo ni raha ya kungoja. Kwetu Milanzi, mtaa wa Sumbawanga, ukimya wa namna hiyo ulimtoa kaka yangu chumbani.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele, chenye mlango wa kutokea barabarani. Ilikuwa miaka ya baada ya ruksa, biashara ilipokuwa imefunguliwa. Sumbawanga iliyokuwa ikipanga foleni kwa ajili ya sabuni ilikuwa imefurika vitu ghafla: redio kaseti, saa za plastiki, makoti ya mitumba ya kutukinga na baridi yetu ya Juni, na vikorokoro ambavyo hata muuzaji hakujua ni vya kazi gani. Kaka alitoa mbuzi wake wote akapata mashine ya gemu, kidude cheusi cha kuunganisha na televisheni, na kaseti nne nene za kuchomeka juu yake. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nayo kabla yake, na vijana walilipa ili kucheza.

Niseme wazi kwa nini chumba kile kilikuwa na uzito. Kaka alipooza mguu wa kushoto akiwa mdogo. Kwetu Ufipa kilimo ni cha kufukia majani kwenye matuta ya duara, kazi ya kuinama na kusukuma udongo kutwa nzima, na yeye hakuiweza. Sisi tulipokwenda shamba, yeye aliachwa nyumbani na bibi. Alikua akisikia watu wanasema “masikini” kabla hawajamsalimu. Lakini alipofungua chumba kile, vijana wa Milanzi walianza kumwita bosi. Walikuja na “mambo, bosi?” naye anajibu “poa, mshikaji, ngoja zamu yako,” akiwa ameketi kwenye kiti chake kama mtu mwingine yeyote mwenye kazi. Niliwahi kumwona baba amesimama nje dirishani anasikiliza, kisha akaondoka bila kuingia.

Baba hakuwa mtu mbaya, ila hakuamini kazi ya kukaa. Alimwambia kaka hivi, tukiwa wote mezani, “Chumba nakupa mpaka mahindi yaingie ndani. Nikiona watu wamepungua, nampa mwenye mbolea, anatafuta stoo. Ameshakuja mara mbili kukiulizia.” Tulijua hatanii.

Na watu walianza kupungua. Kaseti zilikuwa zimechoka, tukawa tunazipuliza na kuzifuta kwa spiriti ndipo ziwake. Vifungo vya pedi viling'oka, fundi redio wa jirani akavirudishia kwa vipande vya kandambili. Kule sokoni mtu mmoja alileta mashine ya kampuni nyingine, inayotumia CD, ambayo wachezaji wake wa mpira walikuwa na nyuso na jasho. Wateja wetu wakaanza kupita mlangoni wakitazama upande mwingine.

Lakini njia ilikuwepo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mzee mmoja mfanyabiashara, wa zile familia za Kiislamu zenye maduka na malori pale mjini, alimpenda kaka. Alimwambia, “Kijana, safari yangu ijayo ya Dar nitakuletea mashine kama ile ya sokoni. Utanilipa polepole, sina haraka na wewe. Wewe sema tu.” Kaka alikuwa tayari kusema. Alishafungua mdomo wiki ile ile jarida moja lilipotufikia.

Lilikuja limesokomezwa kwenye katoni ya vikombe vya chai, kuvikinga visivunjike. Lilikuwa jarida la Kiingereza, nusu yake imechanika. Fundi redio aliona picha ya mashine yetu, akalikunjua, akaja nalo mbio. Wao wawili hawakusoma zaidi ya la saba. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Kaka akanisogezea stuli katikati ya chumba ambacho mpaka siku hiyo niliruhusiwa kuingia kufagia tu.

Nikasoma na kufasiri sentensi moja moja. Kampuni iliyotengeneza mashine yetu inaunda mashine mpya. Kampuni imekataa kusema itatoka lini. Imekataa kusema itakuwa na umbo gani. Imekataa kusema ni gemu zipi zinatengenezwa. Mtu wa ndani, aliyeomba asitajwe, anadhani mashine hiyo itakubali hata kaseti za zamani.

“Rudia hapo,” kaka akasema.

Nikarudia. Akaitazama rafu yenye zile kaseti nne, uso ukamkunjuka. Kama mashine mpya ingezikubali kaseti zake, basi hakuwa amepoteza mbuzi wake kwa kitu kitakachotupwa. Angekuwa ametangulia.

Tangu siku hiyo chumba kikawa bunge. Fundi redio alipanga njiti za kiberiti mezani: mashine ya kwanza ya kampuni, miaka kadhaa, mashine ya pili, miaka kadhaa, kwa hiyo ya tatu lazima itoke kabla ya mavuno. Kesho yake anapanga upya, inatoka baada ya mavuno. Alikuwa na hakika siku zote mbili. Vijana walitia chumvi: kuna binamu wa mtu ameiona Tunduma mpakani, kuna baharia amesema imeshapakiwa melini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kitu. Watu wazima walikuwa wanapanga maisha yao kwa maneno ya mtu aliyeomba asitajwe, kwa sababu wanaojua walikuwa wameamua kwamba sisi hatustahili kuambiwa.

Kaka peke yake hakukisia. Yeye alikuwa na maelezo, na maelezo hayo yalitoka kwa bibi. Kijijini kwa bibi, njia ya Mwazye, lilisimama ilungu, lile tanuru la udongo la kuyeyushia chuma, refu kuliko mtu. Wazee wa upande wa bibi walikuwa wahunzi. Bibi alikuwa amemsimulia kaka, miaka ile alipoachwa naye nyumbani, kwamba tanuru likishawashwa wahunzi hawarudi kwa wake zao, hawapokei mgeni, hawajibu salamu, na hakuna anayethubutu kuuliza chuma kitatoka lini. Ukiuliza, chuma kinaharibika humo ndani. Ukiona kimya, ujue kazi inakwenda vizuri.

“Hawa nao ni wahunzi,” kaka akasema. “Si wanatengeneza vyuma? Wangekuwa wanapiga kelele ndiyo ningeogopa.”

Vijana waliitikia kwa vichwa. Hata fundi redio alikusanya njiti zake. Mimi nilitaka kucheka. Wahunzi wa bibi walinyamaza kwa kuogopa kukiharibu chuma cha watu waliokuwa wanangoja majembe. Kampuni ilinyamaza ili watu waendelee kununua mashine ya zamani mpaka dakika ya mwisho. Hilo sasa nalijua. Wakati ule niliona tu kwamba kaka anawapa watu wale adabu ambayo hawakuwa nayo, na nikaona uchungu kwa ajili yake.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafagia chumba kabla hakijafunguliwa. Jarida lilikuwa mezani, limelainika kwa kushikwashikwa. Nikaliinua nifute vumbi, nikaona chini kabisa, pembeni mwa namba ya ukurasa, maandishi madogo ya mwezi na mwaka. Ulikuwa mwaka wa miaka minne nyuma.

Nikakaa kwenye stuli yangu. Miaka minne. Mashine tuliyokuwa tunaipangia njiti ilikuwa ama imeshatoka, ama haitatoka. Vyovyote vile, tulikuwa tunakisia jambo lililokwisha. Nilipaswa kuinuka pale pale, nipite uani, nimwambie kaka aliyekuwa ananawa uso. Hatua kumi na mbili hivi.

Sikwenda. Nitasema sababu, maana sikuandika haya ili nijipake mafuta. Vijana waliokuwa wakinipita barabarani bila kunitazama sasa walikuwa wananisubiri nitoke shule. “Msomi amekuja,” walisema, wakanipisha. Nilikuwa nasoma ukurasa ule ule kwa mara ya kumi na wao wananyamaza kama kanisani. Nikisema jarida ni la zamani, stuli inarudi ukutani na mimi narudi kwenye fagio. Nikajiambia labda mwaka ule umechapwa vibaya. Nikajiambia nitasema Jumatatu.

Mzee wa lori alikuja kabla sijasema. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakutaka kukaa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Haya kijana, naondoka kesho. Nikuletee ama nisikuletee?”

Kaka alishika kiti kwa mikono miwili. Kabla ya kujibu aligeuza uso akanitazama, kidogo tu, kwa namna ya mtu anayetaka kujua kama kuna neno limebaki. Mimi nilikuwa nimebeba birika la chai. Nikainama nikamimina.

“Acha tu, mzee wangu,” kaka akasema. “Nangoja ile ya kampuni yangu.”

“Wamekuambia inakuja?”

“Hawasemi. Wako kazini.”

Mzee akamtazama, akatikisa kichwa, akavaa kofia yake. Alisafiri bila oda yetu.

Aliporudi mahindi yalikuwa yameanikwa uani. Alikuja yeye mwenyewe, na nikaona kwamba hakufurahia alichokibeba. Alikuwa amewauliza wauza mashine kule Kariakoo. Walimcheka. Mashine ile ilishatoka zamani, ikauzwa, ikadoda, ikafa. Haikuwahi kukubali kaseti za zamani, hiyo ilikuwa hadithi. Na kampuni yenyewe ilikuwa imeacha kabisa kutengeneza mashine, sasa inauza gemu za kuchezea kwenye mashine za wengine, pamoja na ile ya sokoni.

Nilipaza sauti mpaka mama akatoka jikoni. Nikasema hawa ni watu gani? Wanaficha inapoanza, wanaficha inapokwisha! Mtu katoa mbuzi wake wote, ameithamini kampuni kuliko wenye kampuni wanavyoithamini, na hawana hata neno la kumwambia, tumefunga, tafuta njia nyingine? Hasira ile ilikuwa ya kweli. Kaka alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akazima televisheni, akaanza kuchomoa nyaya.

Wiki ile mwenye mbolea alileta mifuko yake. Baba alimsaidia kuipanga, hakusema lolote la kumsimanga kaka, na hilo lilikuwa zito kuliko masimango. Chumba kilinuka mbolea mpaka nilipoolewa. Wale vijana walihamia sokoni, na wakikutana na kaka barabarani walimwambia “pole, bosi,” baadaye wakaacha hilo bosi.

Kaka alishuka ziwani, Kipili, kwa jamaa ya mama, akajifunza kushona nyavu. Ni kazi ya kukaa, na aliiweza. Hakuoa mapema. Hakuwahi tena kuwa na chumba chenye mlango wa barabarani.

Miaka mingi baadaye nilimtembelea nikiwa na wanangu. Tulikaa mchana kivulini, wavu umetandazwa magotini mwake. Mwanangu mkubwa akamweleza mjomba wake habari za mashine mpya inayosubiriwa, na mimi nikawaka kama kawaida yangu. Nikaisema ile kampuni, siri zake, ubinafsi wake, jinsi ilivyomharibia kaka yangu maisha. Nilikuwa nimeyasema hayo kila tulipoonana, na kila mara alitikisa kichwa na kushona.

Safari hii akaweka sindano chini.

“Ule mwaka niliuona,” akasema. “Siku ile ile jarida lilipokuja. Kizungu sijui, lakini namba nasoma, mdogo wangu.”

Nikamgeukia.

“Nikangoja useme. Ulipokuwa husemi, nikajua mwaka ule hauna maana yoyote. Ungekuwa na maana, wewe uliyesoma ungeniambia.”

Hakuwa ananilaumu. Alisema kama mtu anayeeleza njia aliyopita, kisha akaokota sindano na kumwomba mwanangu amsogezee uzi. Miaka yote ile nilikuwa naitukana kampuni mbele yake, na yeye alikuwa ananisikiliza, mwaka ule akiujua.