Kusi na Kaskazi Ndani ya Beseni la Maziwa

Saa mbili asubuhi, shuleni Nyamitaba, milimani mbali na bahari. Libérata Igiraneza, mwalimu wa jiografia, amekunja mikono ya blauzi yake. Kwa mpira mwembamba anashusha maji ya baridi, mekundu kwa rangi ya mzizi wa beteravu, hadi chini ya beseni refu. Juu yake yametulia maji ya vuguvugu.

"Mutu asipumue!" anaonya. Wanafunzi wa darasa la sita la sekondari wanabana pumzi, kisha wanapasuka kwa kicheko.

Mwaka jana, swali la mikondo ya bahari lilikuja katika mtihani wa serikali. Wanafunzi wake wote walilikosa.

"Walikariri muzuri," anasema Libérata. "Lakini hakuna mwenye alikuwa ameona upepo ikisukuma maji. Hapa kwetu bahari iko kwa karte ya ukutani tu."

Mtihani umekaribia tena, na jaribio lake la kwanza, wiki iliyopita, liligoma. Alipepea juu ya maji, unga wa mbao aliounyunyiza ukakaa palepale.

Beseni aliliazima kwa Papa Théogène, mtengeneza jibini. Libérata alikulia katika familia ya wafugaji wa ng'ombe, ambako chombo cha maziwa hakiguswi na sabuni, harufu isije ikaingia kwenye maziwa. Basi alilisuuza kwa maji baridi tu. Mafuta ya maziwa yakabaki, yakatanda juu ya maji kama ngozi, upepo usiweze kuyasukuma.

Alirudi kwa Théogène kuomba ruhusa ya kulisugua.

"Sabuni? Madame, unataka fromage yangu inuke kama nguo zenye zimetoka kufuliwa?"

"Basi majivu, Papa. Majivu na maji ya moto."

"Majivu, sawa. Lakini niko nakuja kuona ile bahari yako."

Ndiyo maana leo mzee huyo ameketi kwenye dawati la mbele, buti zikiwa na matope, macho hayabanduki kwenye beseni lake.

Wavulana wawili wanashika mvukuto wa mhunzi. Upepo unapiga. Unga wa mbao unatetemeka, unaanza kwenda, unakimbia hadi upande wa pili! Na hapo karibu na mvukuto, ambapo maji ya juu yameondoka, wekundu unapanda polepole kutoka chini.

Darasa linalipuka kwa kelele.

"Uwizeye," Libérata anamwita msichana anayerudia mwaka baada ya kushindwa mtihani ule. "Kimbunga ikipita baharini, juu ya maji inabaki joto ao baridi?"

Uwizeye anainamia beseni. Hakariri.

"Baridi, Madame. Kimbunga inazunguka, inasukuma maji ya juu kwa pembeni. Inakoroga pia. Ile ya baridi ya chini njo inapanda."

"Na upepo wa majira ikigeuka?"

"Mugeuze mvukuto."

Wavulana wanahamia upande wa pili. Unga unasita, unageuka, unarudi ulikotoka, kama mkondo wa pwani ya Somalia unaokwenda kaskazini wakati wa kusi na kurudi kusini kaskazi ikivuma.

"Eh!" Théogène anasimama. "Na mimi miaka yote naweka ndani maziwa tu!"

Libérata anafuta mikono. Mwalimu mwenzake wa shule ya Kalembe ameshamwomba alete jaribio hilo kwao, na Théogène, baada ya kunung'unika kidogo, amekubali beseni lisafiri kwa pikipiki.

Uwizeye bado ameshika ukingo wa beseni.

"Madame," anasema, "ile swali irudi tu."